Chumvi Inayoyeyuka Masika

Jumapili, 14 Machi 2004

Mimi ni mke wa mtu! Naandika nimekaa kwenye kitanda chetu (chetu!), ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na mume wangu Elisaria anaoga huku anaimba nyimbo za Kilutheri kwa sauti inayosikika mpaka kwa wauza mashuka huko chini. Mimi Severa, Mkatoliki wa Kibosho, niliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani nikidarizi vitambaa vya makochi, leo nina funguo zangu na dirisha langu. Eli amenunua daftari hili dukani akaniambia, "Andika, Seve. Tukizeeka tutasoma tucheke."

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Tulisimama dirishani tukaangalia watu wa makoti ya mitumba wakifunika mali zao kwa nailoni. Alinishika kiuno. Sina la kuongeza.

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Ugali uliungua chini. Eli amekula mpaka ukoko akasema ni mtamu. Nampenda.

Jumamosi, 20 Machi

Leo nimeielewa kazi ya mume wangu, na nitaiandika hapa kabla sijaisahau.

Eli anasoma shahada ya pili ya kemia huko Mlimani. Anatengeneza kimiminika cha chumvi. Si maji ya chumvi! Ni chumvi yenyewe iliyogeuka kimiminika na kubaki hivyo bila kuwa na maji ndani. Tulikuwa tunakunywa chai akamimina unga mweupe kwenye kisosi kimoja, unga mweupe mwingine kwenye kingine. Wa kwanza unaitwa kolini, aina yake ya kawaida huchanganywa kwenye chakula cha kuku. Wa pili ni urea, mbolea ya mahindi ile ile aliyokuwa akiitia baba shambani.

"Huyu peke yake ni mkavu," akasema. "Na huyu peke yake ni mkavu. Ukimpasha moto mmoja mmoja, mpaka moto mkali sana ndipo alainike. Lakini wakutanishe, wapashe kidogo tu, wote wawili wanakuwa kimiminika."

"Kama sisi," nikasema.

Akaweka kisosi chini akanitazama. Chai ilipoa yote.

Baadaye aliniambia ugumu uko wapi. Vimiminika vya namna hii kwa kawaida hutengenezwa kwa dawa zinazonuka, zinazopaa hewani na kuumiza vifua, na kwa jiko la umeme linalowaka usiku kucha na mchana kutwa. Daktari Sitara, mwalimu anayemsimamia, anataka njia isiyomwaga sumu na inayokula umeme kidogo kabisa. Na umeme wenyewe ukikatika katikati ya kazi, kila kitu kinaganda na kuanza upya.

Jumatatu, 22 Machi

Leo shemeji Steven alikuja. Ndiye kaka mkubwa wa Eli, ana duka la pembejeo Mtaa wa Mchikichi: mbegu, mbolea, dawa za mifugo. Mtu mrefu, hacheki, anakaa bila kuegemea kiti. Tangu serikali iruhusu biashara huria amepanda haraka, na sasa amefungua duka la pili Makambako. Anataka Eli akalisimamie.

Ndipo nikaambiwa jambo ambalo wenzangu wote walikuwa wanalijua. Kabla ya harusi, ndugu hawa wawili walikubaliana mbele ya mama yao: masika yakiisha, kama Daktari Sitara hajaikubali kazi ya Eli, Eli anaacha masomo na kwenda Makambako. Na mimi nitabaki Tabata kwa mama mkwe mpaka nyumba ya huko ipatikane.

"Chakula cha kuku na mbolea," Steven alisema akitazama visosi. "Umesoma miaka yote hiyo uje kuvichanganya? Onesphory pale dukani ana darasa la saba, anavichanganya kila siku, anapakia kwenye viroba."

Eli alicheka. Mimi sikucheka. Nimeolewa juzi tu, jamani. Nitalalaje Tabata huku mume wangu yuko kwenye baridi ya Makambako?

Jumapili, 28 Machi

Nimemchukia Steven. Nimekwenda kanisani nikaomba nisimchukie. Bado.

Ijumaa, 2 Aprili

Huko Mlimani umeme umekatika tena na kazi yake imeharibika katikati. Eli amerudi na chupa ndogo ya kolini safi, mizani ya maabara aliyoazimwa, na uso wa mtu aliyefiwa. Amesema atafanyia kazi hapa nyumbani. Vitu vyenyewe havina sumu.

Jumanne, 6 Aprili

Leo tumefukuza watu ngazini.

Eli aliweka mchanganyiko kwenye jiko la mafuta ya taa. Ukawa kimiminika kweli, nikapiga makofi. Lakini moto wa jiko haupunguki unavyotaka wewe. Urea ikazidiwa, ikaanza kutoa hewa ile inayochoma pua. Chumba kikanuka kama choo cha stendi. Nikakimbilia dirishani nikikohoa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Kusum wa ghorofa ya pili, pua kaifunika kwa ncha ya sari.

"Binti, nani kakojoa ngazini?"

"Shikamoo, mama. Hakuna aliyekojoa. Ni kemia."

"Marahaba. Kemia ya nani? Mimi chini nanusa asidi ya mume wangu asubuhi mpaka jioni, na juu sasa nanusa yenu? Niende kuishi wapi, Kigamboni?"

Mumewe, Mzee Ravindra, ana karakana uani: anapaka nikeli kwenye vitasa na mabomba ya maji yang'ae. Anatumia mapipa ya asidi. Nikamwambia Eli kwamba yule mama ana kiburi. Eli akasema, "Ana haki, Seve. Moto huu ni mkali kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni joto la jua tu."

Ijumaa, 9 Aprili, Ijumaa Kuu

Mvua tangu alfajiri. Mume wangu anataka jua.

Jumatano, 14 Aprili

Eli ametengeneza sanduku la mbao, ndani amelipaka rangi nyeusi, juu kioo cha dirisha, pembeni matundu ya kutolea mvuke. Amelipandisha juu ya paa letu la zege. Saa za jua ndani mna joto la kuchoma mkono. Tatizo ni kwamba kolini inapenda maji kuliko inavyopenda kitu chochote. Ukiiacha wazi inayanyonya kutoka hewani, na hewa ya Dar wakati wa masika ni kama supu. Kwa hiyo anaikausha kwanza kwenye oveni ya chuo, anaifunga, anakimbia nayo nyumbani. Nusu ya umeme wote anaoutumia unakwenda kwenye kukausha tu. Daktari Sitara amemwambia hapo hajapunguza kitu, amehamisha tu.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimefanya kituko. Steven alipiga simu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Yuko wapi mumeo? Lori linashusha mbolea na mvua inakuja."

"Yuko juu ya paa, anayeyusha."

"Anayeyusha?"

"Ndiyo, shemeji. Tangu asubuhi anayeyusha tu."

"Na unaniambia hivi hivi, bila aibu! Haya, mwambie ameniyeyusha vya kutosha." Akakata.

Eli aliposhuka nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe mjini hapa kumyeyusha mtu ni kumzungusha, kumkwepa, kumpa ahadi hewa! Mimi ningejuaje? Kwetu Kibosho kinachoyeyushwa ni samli. Eli alikwenda dukani akabeba magunia mpaka giza likaingia, akarudi mgongo hauinuki. Nilimkanda. Alisema Steven naye alikuwa anabeba, bila shati, kama kibarua. Hilo sikulitarajia.

Jumatatu, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Tulikwenda Kivukoni kula pweza. Eli aliniambia: "Kwenye chupa imebaki ya jaribio moja tu. Chuo hawana nyingine mpaka mwaka mpya wa masomo." Kisha akanilisha kipande kwa kijiti, watu wakatutazama. Watazame!

Jumatano, 28 Aprili

Mungu wangu, nimefanya nini.

Eli aliondoka juzi jioni kwenda kuwasaidia wenzake huko maabara na akalala kwa rafiki yake. Nilipokuwa nafuta vumbi nikaiona chupa ya kolini mezani, na ndani pembeni mwa kioo unga umeanza kushikana mabonge. Nikasema, mke mwema huona kabla hajaambiwa. Nikafanya kama mama yangu afanyavyo, kama kila mwanamke afanyavyo na kichupa cha chumvi cha mezani: nikachukua mchele, nikautia ndani ili unyonye unyevu. Na ili mchele upate hewa nikatoa kifuniko, nikafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa nilichodarizi mwenyewe, chenye maua mawili na herufi zetu. Nikaona nimefanya jambo zuri sana.

Jana ilinyesha kutwa. Leo asubuhi nikatazama chupa: unga hakuna! Kimiminika, kizito, kinang'aa kama asali nyeupe, punje za mchele zimelala chini. Nikapiga vigelegele. Nikasema, jamani, imeyeyuka yenyewe, bila jiko, bila jua, bila umeme! Nikampigia Eli.

"Imeyeyuka! Mume wangu, imeyeyuka yenyewe!"

"Nini imeyeyuka?"

"Kolini! Nilitia mchele!"

Alirudi mbio, amelowa. Aliishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka chini taratibu.

"Hayo ni maji, Severa," alisema. Aliniita Severa, si Seve. "Ni maji ya hewani. Hicho siyo kimiminika chetu. Ni chumvi iliyolowa. Na wanga wa mchele."

"Si unaweza kuikausha tena?"

"Wapi? Oveni imeshikwa na wanafunzi wanaohitimu mpaka katikati ya Mei." Akavua viatu, akavipanga ukutani sawasawa, kama mtu asiyejua mikono aipeleke wapi. "Ungeniuliza tu. Neno moja tu, ungeniuliza."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kugomba."

Heri angegomba. Alitoka akapanda juu ya paa kwenye manyunyu. Nikabaki na kitambaa changu cha maua mawili. Sasa Makambako ni ya kweli, na nimeileta mimi. Nimelia mpaka Mama Kusum akasikia akaja kugonga. Sikufungua.

Alhamisi, 29 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Eli alichukua chujio akaanza kutoa punje za mchele. Mimi nilikuwa napika chai nikiogopa hata kugusa sufuria kwa kelele. Akazisuuza punje kwa maji kidogo, akayarudisha maji yale ili chumvi isipotee. Akapitisha yote kwenye karatasi ya kuchujia. Kisha akachukua urea iliyokwisha kupimwa, akaimimina humo. Nadhani alifanya hivyo kwa kukata tamaa tu, kama mtu anayemalizia chakula kilichopoa.

Urea ikapotea. Hakukoroga, hakupasha moto. Imeingia na kutoweka.

Akatazama. Akatazama tena. Akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Mimi ni mjinga wa kutupwa."

"Eli?"

"Nimepigana na maji miezi yote hii. Nawasha oveni kuyafukuza kabla, ili niwashe jiko kuyeyusha baadaye. Lakini maji yanafanya bure kazi ya jiko. Yanawakutanisha hawa wawili. Yaache yaingie! Wakishakutana, ndipo uyatoe polepole kwa jua. Hakuna oveni, hakuna jiko."

"Utajuaje kwamba yametoka yote?"

Akanyoosha kidole kwenye mizani. "Nilipima kolini ikiwa kavu. Nimepima urea. Nikijumlisha, najua uzito wa wawili hawa bila mgeni. Siku mizani ikirudi kwenye uzito huo na kusimama hapo, na bado ni kimiminika, basi mgeni kaondoka na wao wamebaki wameyeyukiana."

Kisha akasema, "Seve." Akasema hilo tu, nikamrukia na mwiko mkononi.

Amesema pia nisijidanganye: mchele haukusaidia kitu. Sawa, mume wangu. Sawa kabisa.

Jumamosi, 1 Mei

Mvua.

Jumapili, 2 Mei

Mvua. Sanduku liko tayari, bakuli la mchanganyiko liko tayari. Jua liko wapi?

Ijumaa, 7 Mei

Jua! Siku nzima. Bakuli limepungua uzito sana. Eli amenibusu mbele ya Mzee Ravindra, mzee akageukia ukuta akajifanya anakagua nyaya.

Jumatano, 12 Mei

Leo mchana Eli yuko chuoni, jua kali, mimi nafua. Mara mwanga ukabadilika. Nikapanda ngazi mbio. Wingu lilikuwa limefika juu ya Ilala, jeusi tii, na upepo wake umeshaanza kupeperusha nguo za watu. Juu ya paa nikamkuta Mama Kusum anakusanya papadi, vile vikate vyembamba vya Kihindi, alizoanika kwenye mashuka. Sanduku letu ni zito, peke yangu haliinuki.

Tone la kwanza likaanguka kwenye kioo.

"Mama! Naomba msaada!"

Alitazama papadi zake. Alitazama sanduku. Akaziacha.

"Shika huko, binti! Mimi huku. Usiinamishe!"

Tuliliburuta mpaka kwenye kibanda cha ngazi, mvua ikatupiga mgongoni, sari yake na kanga yangu zimegandana miguuni. Bakulini halikuingia hata tone. Papadi zake zilikuwa uji.

"Mama, nisamehe, chakula chako."

"Papadi nitatengeneza tena. Hii kitu yenu, mumeo alimwambia mzee wangu kwamba inaweza kupaka nikeli bila asidi. Kweli?"

"Anasema inawezekana."

Akakamua ncha ya sari. "Ravindra anakohoa damu kidogo, hasemi kwa mtu. Vijana wetu wamehamia nje, yeye hataki kuacha kazi. Sasa mabomba yanakuja kwenye makontena, tayari yanang'aa, bei ndogo, na yeye bado anainama juu ya mapipa. Hiyo kitu ikitoka, mimi papadi nitaanika mpaka za kwenu."

Na mimi nilimwita mwenye kiburi.

Jumanne, 18 Mei

MIZANI IMESIMAMA!

Jana ilifika kwenye uzito ule wa wawili bila mgeni. Leo, jua lingine kutwa, haijashuka tena. Na bakulini ni kimiminika: safi, kizito, hakinuki chochote. Eli aliniita nisome mwenyewe. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, nikaanza kulia, akaniuliza kwa nini nalia, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

Jumamosi, 22 Mei

Karakana ya Mzee Ravindra. Eli aliyeyusha chumvi ya nikeli ndani ya sehemu ndogo ya kimiminika, mzee akaning'iniza bawaba ya mlango, akaunganisha betri ya gari. Tukasubiri. Steven pia alikuwepo. Alikuja kumwambia Eli kwamba nyumba ya Makambako haijapatikana ila chumba kimoja kipo, na akabaki amesimama mlangoni.

Mzee aliitoa bawaba, akaisuuza, akaisugua kwa kidole gumba. Upande mmoja ulikuwa na madoa. Upande wa pili nilijiona uso.

"Si nzuri," mzee alisema. "Lakini ni nikeli. Na sijakohoa." Akavuta pumzi ndefu kwa makusudi, akatuchekea.

Steven aliichukua bawaba, akaigeuzageuza. "Hii imetoka kwenye chakula cha kuku?"

"Na mbolea, kaka."

Akamrudishia mzee, akaondoka bila kutaja tena chumba cha Makambako.

Ijumaa, 28 Mei

Leo ndiyo leo. Eli amevaa shati la harusi. Nimefuatana naye mpaka Mlimani nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Daktari Sitara. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia.

Daktari ni mama mfupi mwenye sauti ya upole, lakini maswali yake! Amepima mwenyewe. Ameuliza joto la sandukuni, siku za jua, siku za mawingu. Kisha:

"Na hii karatasi ya kuchujia? Kolini safi unaichuja ya nini?"

Eli angeweza kusema lolote.

"Kulikuwa na mchele, daktari."

"Mchele?"

"Mke wangu aliutia ili chumvi isilowe."

Kikaja kicheko, kicheko cha mtu mzima aliyeshikwa mbavu. "Hata mimi natia! Nyumbani kwangu, kila kichupa!" Akajikohoza. "Sasa sikiliza, Elisaria. Namba za bakuli hili siwezi kuzikubali, limechafuka. Njia naikubali. Hewa iyeyushe, jua likaushe, mizani ishuhudie. Sijaiona mahali pengine ikifanywa hivi kwa hali ya hewa yetu. Unaendelea. Utarudia yote kuanzia mwanzo, na safari hii kwa kolini ya kawaida ya madukani, kwa sababu hiyo ndiyo mtu wa Kariakoo anayoweza kuipata."

Unaendelea! Nililisikia neno hilo kwenye benchi nikabana mdomo kwa mikono miwili.

Jumapili, 30 Mei

Tulikwenda dukani kwa Steven baada ya ibada zetu mbili, yangu na yake. Duka limefungwa nusu, Steven na Onesphory wanapanga viroba. Eli akasimama mlangoni, maneno hayatoki. Yule mwanamume anayeweza kueleza chumvi kwa saa nzima!

"Haya, shem," Steven aliniambia mimi. "Huyu kaganda. Sema wewe."

"Haendi Makambako, shemeji. Daktari amekubali."

Steven alifuta mikono kwenye suruali. Nilijiandaa. Badala yake akatoa funguo mfukoni, zile za duka jipya zenye kibati cha njano, akazitazama kidogo.

"Onesphory."

"Naam, bosi."

"Koti unalo?"

Onesphory alisimama na kiroba begani, hakuelewa. Alipoelewa, kiroba kilianguka. "Ninalo, bosi! La mitumba, la sufu!"

"Basi utalihitaji." Akamrushia funguo. Kisha akamgeukia Eli, sauti ngumu ile ile ya siku zote. "Nilitaka mtu wa damu yangu kule. Nilihofu huku utapigwa na maisha, nikuone unaazima nauli na shahada yako mkononi. Ndiyo hivyo tu." Akaingia stoo. Akarudi anaburuta gunia la kolini, likaacha mstari wa vumbi sakafuni mpaka miguuni kwetu. "Chukueni. Na wewe, Mkibosho, unga huu hauwekewi mchele."

Nani alimwambia? Eli alitazama dari. Niliwapiga wote wawili kwa pochi.

Tumelibeba gunia pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, Kariakoo nzima ikitupisha. Manyunyu ya mwisho ya masika yametukuta karibu na mlango wetu, na hatukukimbia.